Herufi ya Wazimu na Jina la Kifafa

Mhadhara wa wazi uliotolewa Munisagara, Wilaya ya Kilosa



Nimeombwa nizungumzie kifafa. Mimi si daktari, ni mtu wa lugha, na walionialika walilijua hilo. Kwa hiyo msishangae nikianzia mbali, kwenye maandishi ya Wachina. Nina neno moja tu la kusema leo, nalo linahusu kosa la kukichukua kifafa na kukiweka chumba kimoja na kichaa. Wenzetu wa Asia Mashariki walilifanya kosa hilo kwa kalamu. Sisi tumelifanya kwa njia nyingine, na nitaisema nikifika huko.

Tazameni ubaoni. Herufi hii, 癲, Wachina huitamka dian. Kuiandika kunataka kalamu ivutwe mara 24. Sehemu hii iliyoifunika juu na kushoto ni alama ya ugonjwa. Katika maandishi ya kale ilikuwa picha ya mtu aliyelazwa kitandani, na mpaka leo msomaji akiiona tu anajua kwamba hapa pana maradhi. Ndani yake wameweka herufi nyingine kamili, yenye maana mbili, utosi wa kichwa na kupinduka. Hiki kipande cha kulia kabisa ni kichwa chenyewe. Ukivisoma vyote pamoja unapata ugonjwa wa mtu anayepinduka, kichwa kikatangulia chini. Aliyeibuni herufi hii alikuwa amewahi kumtazama mtu akianguka, tena kwa makini.

Kitabu cha tiba cha Kichina kinachoitwa Huangdi Neijing, ambacho kina umri wa miaka 2,000 na zaidi, kina sura nzima inayohusu dian na mwenzake kuang. Kuang ndiye kichaa tunayemjua sote, yule anayetupa nguo, anayekimbia ovyo, anayepanda mahali pa juu na kuimba. Herufi yake ina alama ya mbwa upande wa kushoto, na ndiyo hiyo Wachina, Wajapani na Wakorea wanayoitumia mpaka sasa kuandika ugonjwa ambao sisi tunauita kichaa cha mbwa. Dian alikuwa tofauti. Mgonjwa wake aliweza kuanguka, kukakamaa na kupiga kelele. Kitabu hicho hicho kinasema mtoto anayezaliwa na dian aliupata tumboni, mama yake aliposhtushwa sana wakati wa ujauzito. Bibi zetu wangekaa na waandishi wale wakaelewana bila mkalimani.

Tatizo lilianza pale majina haya mawili yalipozoea kutajwa pamoja. Dian na kuang, kuang na dian, mpaka yakawa neno moja lenye maana ya wazimu. Maana ya kuanguka ikafifia, ya kichaa ikabaki juu. Ilipofika zamu ya kukipa kifafa jina la kitabibu, jina lililokaa ni dianxian, na herufi yake ya kwanza ni hii iliyo ubaoni. Kwa hiyo kwa karne nyingi mgonjwa wa kifafa nchini China alipoandikiwa ugonjwa wake kwenye karatasi, aliandikiwa wazimu. Mitaani mambo hayakuwa mazuri zaidi. Watu wa kawaida walisema wazimu wa mbuzi au wa kondoo, kwa sababu sauti inayomtoka mgonjwa anapoanza kukakamaa iliwakumbusha mlio wa mnyama huyo.

Maandishi ya Kichina hayakubaki China. Kama Kiarabu kilivyosafiri na dini na elimu mpaka pwani yetu, herufi hizi zilisafiri na vitabu mpaka Korea, Japani na Vietnam, na kila taifa likazisoma kwa matamshi yake. Herufi yetu ikawa jeon kwa Wakorea, ten kwa Wajapani, điên kwa Wavietnamu.

Kwa Vietnam hadithi ni fupi. Điên limekuwa neno la kila siku la kichaa, unaweza kulisikia sokoni, na kifafa kikapewa jina lingine. Wakatengana.

Japani walikopa jina zima, tenkan, lakini siku hizi huliandika kwa herufi zao za sauti, zile zinazoonyesha matamshi bila kuonyesha maana. Herufi ya wazimu imefichwa, sauti imebaki. Hata hivyo jina lenyewe bado linauma. Mwaka 1993 chama cha watu wenye kifafa nchini humo kilipinga hadithi fupi ya mwandishi maarufu Yasutaka Tsutsui kuwekwa katika kitabu cha shule za sekondari, kwa namna ilivyowazungumzia wenye ugonjwa huo. Mwandishi alikasirika akatangaza kuweka kalamu chini, na aliiweka kwa miaka kadhaa. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na hoja, ila nikilazimishwa kuchagua nitakaa na wagonjwa. Mwandishi mwenye hasira ana njia nyingi za kusikika, mtoto anayechekwa darasani kwa sababu ya somo la siku hiyo hana.

Wajapani hao hao, mwaka 2002, walibadilisha jina la ugonjwa mwingine, huo wa akili, ambao jina lake la zamani lilimaanisha akili iliyopasuka vipande. Familia za wagonjwa zilikuwa zimeliomba jambo hilo tangu mwaka 1993, na jina jipya linazungumzia tu uratibu uliovurugika.

Korea ndiyo iliyokwenda mbali kuliko wote. Huko kifafa kiliitwa ganjil, na ndugu yake wa mitaani, jiral, alikwishageuka tusi zito. Ukimwambia Mkorea acha jiral, umemwambia aache upuuzi, na umemtukana. Madaktari wa kifafa wakakubaliana na vyama vya wagonjwa kutunga jina jipya kabisa, noejeonjeung, maana yake hali ya umeme wa ubongo, na kufikia mwaka 2014 lilikuwa limeingia katika sheria za nchi. Hong Kong nao walipata jina jipya mwaka 2010, wakaitupa herufi ya wazimu na kuweka ya ubongo mahali pake. Wapenzi wa lugha mtafurahia hili: katika Kikorea sauti ya jeon ni ya umeme na pia ni ya ile herufi ya wazimu. Masikio yakitaka kuwa mabishi yataisikia herufi hiyo ndani ya jina jipya. Ila kwenye maandishi haimo.

Jina la Kikorea lina ukweli wa kisayansi pia. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana, na kifafa ni pale kundi kubwa la chembe za ubongo linaporusha umeme wake kwa pamoja bila mpangilio. Mjerumani Hans Berger aliupima umeme huo kwa mara ya kwanza juu ya kichwa cha binadamu mwaka 1924. Mahali dhoruba hiyo inapoanzia ndipo panapoamua mgonjwa atafanya nini. Mmoja ataanguka na kukakamaa, mwingine atarusha mkono mmoja tu, na mwingine atakodoa macho kwa sekunde chache kisha aendelee kuandika, mwalimu akidhani anaota mchana.

Sasa tuende kusini zaidi, kwa sababu kuna jambo ambalo sikulitarajia. Wamalei walikiita kifafa gila babi, yaani kichaa cha nguruwe. Wathai husema upepo wa nguruwe kichaa. Kambodia na Burma pia wanaye nguruwe kichaa katika majina yao. Lugha hizi si za ukoo mmoja, lakini zote zimemtaja mnyama yule yule. Kwa upande wa wazimu, ni matusi matupu. Kwa upande wa nguruwe, kwa bahati tu, jina limeangukia karibu na kitu cha kweli, na kitu hicho kinatuhusu hapa Tanzania.

Kuna mnyoo unaoitwa tegu wa nguruwe. Mtu akila nyama isiyoiva vizuri yenye vijivimbe vyeupe vya mnyoo huo, tegu hukua tumboni mwake, na huyo hapati kifafa kwa kula nyama hiyo. Hatari iko katika hatua inayofuata. Mayai ya tegu hutoka kwa haja kubwa. Kama choo hakipo au mikono haikunawiwa, mayai huingia kwenye maji, kwenye mboga, kwenye chakula cha mtu mwingine ambaye pengine hajawahi kuonja kitimoto maisha yake yote. Humo mwilini mayai huangua, viluwiluwi husafiri na damu, na vingine hutua ubongoni. Hapo ndipo kifafa kinapozaliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wameufuatilia mnyoo huu kwa miaka mingi katika wilaya kama Mbulu. Kwa hiyo Mwislamu safi asiyegusa nguruwe anaweza kuugua kifafa cha tegu kwa sababu jirani yake hana choo. Nalisema hili polepole kwa makusudi, maana nimewahi kusikia watu wakilitumia kumsema mgonjwa kwamba alikula haramu.

Na sisi tunasemaje? Neno letu ni kifafa. Ndani yake kuna kufa. Louise Jilek-Aall, daktari aliyezaliwa Norway na ambaye nitamrudia, alilieleza kuwa ni kufa kidogo, kufa kwa muda. Mtu anaanguka, anakakamaa, povu linamtoka, kisha anarudi. Aliyelitunga alieleza alichokiona, kama yule Mchina wa herufi. Tuna pia degedege la watoto, jina wanalolihusisha watu na mdudu au ndege wa usiku anayepita juu ya mtoto. Tuna kifafa cha mimba, ambacho ni ugonjwa mwingine kabisa, wa shinikizo la damu kwa mjamzito, ingawa umeazima jina.

Upande wa pili yako maneno ya akili. Wazimu, ambalo liko karibu na mizimu, na mwendawazimu ni aliyekwenda huko kwao. Majinuni, lililoletwa na Kiarabu likiwa na jini ndani yake. Kichaa, punguani, mwehu, na chizi la vijana wa mjini. Pangeni safu hizi mbili ubavu kwa ubavu, hamtaona neno hata moja linalovuka kutoka huku kwenda kule. Kiswahili hakikukipa kifafa jina la wazimu. Wachina, Wakorea na Wamalei walikuwa na kazi ya kuutoa wazimu kwenye jina. Sisi jina letu lilikuwa safi tangu mwanzo.

Basi wazimu uliingia wapi?

Uliingia kwenye mlango wa kliniki. Chukueni mama anayetoka kijiji chochote cha ukanda huu, mtoto wake wa kike ana miaka tisa, ameanza kuanguka. Amekwenda kwa mganga, amechanjwa, ameambiwa mtoto asile mayai, ameuza mbuzi, mtoto bado anaanguka. Siku moja anajikaza, anapanda bodaboda, kisha basi, mpaka hospitali kubwa. Mapokezi wanamsikiliza, wanamwandikia, wanamwelekeza koridoni kwenye chumba kilichoandikwa juu Afya ya Akili. Mama yule anajua kusoma. Anasimama. Kwenye benchi la nje kuna kijana anaongea peke yake na mzee aliyefungwa mikono kwa kanga. Benchi moja, daftari moja, muuguzi mmoja. Na ole wake akutane hapo na mtu wa kijijini kwake, maana habari itafika nyumbani kabla ya basi.

Muuguzi wa chumba hicho hana kosa. Mara nyingi ndiye pekee mwenye dawa na mwenye moyo. Hata sababu ya kuwaweka pamoja ilikuwa nzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali, kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani na msaada wa Denmark, ilipoanza mpango wa taifa wa afya ya akili, mikoa miwili ilichaguliwa kuwa ya majaribio, Kilimanjaro na huu wetu wa Morogoro. Shabaha ilikuwa kuitoa huduma katika hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, na kuisogeza wilayani na vijijini. Kifafa kikabebwa katika gari hilo hilo, kwa sababu hakikuwa na gari lake. Wagonjwa wengi walisaidika. Ila kibao cha mlangoni kikafanya kazi ambayo lugha yetu ilikuwa imekataa kuifanya.

Kuna wasomi wenzangu wanaotaka tuige Korea, tutunge jina jipya badala ya kifafa. Nimewasikiliza na sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni huo huo wa Mirembe. Hospitali ile imehudumia wagonjwa tangu miaka ya 1920. Leo mtaani mtu akifanya jambo la ajabu anaambiwa apelekwe Mirembe. Zanzibar wanasema Kidongo Chekundu, Wakenya wanasema Mathari, Waganda wanasema Butabika. Hayo yote ni majina ya mahali, hayana tusi lolote ndani yake, na yote yamegeuka matusi kwa sababu ya yale watu waliyoyadhani kuhusu waliomo. Tukibuni jina jipya la kifafa kisha tukaliandika juu ya mlango ule ule, tutalichafua kabla halijaingia kwenye kamusi. Nitasema pia, nisije nikaonekana namdharau mtu, kwamba kichaa nacho ni ugonjwa, kina tiba, na anayekiugua ana haki zake. Kosa ninalolisema ni la kuwachanganya wagonjwa, na halimfanyi mmoja kuwa duni kuliko mwingine.

Mahali hapa pana sababu ya pekee ya kuogopa mtu kuandikiwa jina na mwingine. Kila aliyesoma historia anamjua Mangungo wa Msovero, aliyetiwa mkenge na Mjerumani Carl Peters kwa karatasi ya mkataba tarehe 29 Novemba 1884. Siku tano baadaye, tarehe 4 Desemba, karatasi ya namna ile ile iliwekwa mbele ya Mwinyi Sagara, ambaye Wajerumani walimwandika Muinin Sagara, jina ambalo kijiji hiki bado kinalo. Lugha ya karatasi hakuijua. Jina lake likawekwa chini ya maneno ya mtu mwingine, na nchi ikahesabiwa imeuzwa. Mama wa mtoto wa miaka tisa naye anapewa kadi yenye maneno ya Kiingereza, anarudi nayo nyumbani, na mwenye kuisoma kwa sauti huko ni jirani.

Sasa nimrudie Jilek-Aall. Alifanya kazi Mahenge, Ulanga, mkoa wetu huu huu, na mwaka 1960 alianzisha huko kliniki ya kifafa. Aliwakuta watoto wenye makovu ya moto, wengine vidole vimeungana kwa kuungua. Sababu aliielewa upesi. Watu waliamini povu, mkojo na hata pumzi ya mgonjwa huambukiza, kwa hiyo anapoangukia mafiga hakuna anayemgusa mpaka kifafa kimwachie mwenyewe. Akaanza kutoa fenobabitali, dawa ya bei ndogo, iliyojulikana tangu mwaka 1912. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walioitumia vizuri waliacha kabisa kuanguka.

Miaka 30 baadaye yeye na daktari Henry Rwiza waliwatafuta wagonjwa 164 wa kliniki ile. Waliokuwa wamefariki walikuwa 110. Wengi wao hawakuuawa na uzee. Waliuawa na kifafa kisichokatika, na kuzama mtoni, na moto. Takwimu hiyo ningependa kila anayepanga bajeti ya dawa alale nayo usiku mmoja. Fenobabitali ina sharti gumu, ukiizoea huwezi kuiacha ghafla. Mgonjwa akikosa dawa kwa wiki mbili kwa sababu bohari haikuleta, kifafa kinaweza kurudi na nguvu kuliko mwanzo, kikaunganisha kimoja baada ya kingine mpaka mtu akate roho. Kumwanzishia mtu dawa bila uhakika wa dawa ya mwezi ujao ni kumweka hatarini.

Rwiza na wenzake walihesabu pia wagonjwa wa vijiji kadhaa vya Ulanga. Walikuta watu 10 hivi wenye kifafa katika kila 1,000, na kulikuwa na kijiji kimoja kilichofika 37. Walipowauliza zaidi ya wakuu wa kaya 3,000, karibu wanne katika kila kumi walisema kifafa kinaambukiza kwa kugusana, kwa pumzi au kwa kula sahani moja. Hakiambukizi. Naomba walimu mliseme hilo darasani bila kumung'unya maneno. Mtoto akianguka, mlazeni ubavu, legezeni nguo shingoni, ondoeni vitu vigumu na moto, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na mtazame saa. Ikipita dakika tano bado anatikisika, tafuteni usafiri.

Kwa nini Mahenge ilikuwa na wagonjwa wengi hivyo? Jilek-Aall aliona pia watoto ambao kichwa kinaanguka mbele na kuinuka, mbele na kuinuka, hasa wanapoletewa chakula. Wenyeji walisema amesinzia kichwa. Ugonjwa huo huo ulijitokeza baadaye Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, na kila mahali ulikuwa karibu na mito yenye maji ya kasi, makazi ya inzi mdogo mweusi anayeeneza usubi. Tafiti za miaka ya karibuni, zikiwemo za Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu huko huko Mahenge, zimezidi kuonyesha kwamba penye usubi mwingi usiotibiwa, kifafa nacho ni kingi. Namna mnyoo wa usubi unavyofika kuuvuruga ubongo bado wanabishana, uhusiano wenyewe hawaubishi tena.

Kilosa ni mojawapo ya maeneo ya Tanzania yaliyowekwa katika mpango wa dawa ya usubi. Mnamjua mgawa dawa wenu, mwanakijiji mwenzenu mliyemchagua, anayepita nyumba hadi nyumba na fimbo ya kupimia urefu. Mtoto anasimama wima, fimbo inawekwa mgongoni, rangi inayofika utosini inasema vidonge vya Mectizan ni vingapi. Wapo wanaokimbilia shambani siku hiyo kwa sababu mwaka jana dawa iliwawasha. Kuwashwa kule ni dalili kwamba viluwiluwi vya mnyoo vilikuwemo na vimekufa. Anayekimbia ndiye anayeihitaji.

Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa saba katika kila kumi wa kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata tiba sahihi, na kwamba katika nchi maskini watatu kati ya kila wanne hawaipati. Sehemu ya pengo hilo ni ukosefu wa dawa. Sehemu nyingine ni mama anayesimama koridoni, anasoma kibao, anageuka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kabla ya kumlaumu mficha maradhi tuulize tumemfungulia mlango gani.

Kwa hiyo sina ombi la jina jipya. Kifafa na kiendelee kuitwa kifafa. Ninayo maombi mengine, na nayasema mbele ya diwani na watendaji waliopo hapa. Kliniki za kifafa ziwe na siku yake na kibao chake, hata kama chumba na muuguzi ni wale wale, kwa maana kubadilisha siku hakugharimu chochote. Dawa ya kifafa isogezwe mpaka zahanati, ya miezi mitatu mitatu, ili mtu asiuze kuku kila mwezi kwa nauli. Na safari ijayo mgawa dawa atakapopita na fimbo yake, aongeze swali moja tu katika kila nyumba, kama kuna mtu anayeanguka. Majina hayo yaende kwa mganga mfawidhi kwa siri, na dawa iagizwe kwa idadi yao. Ninyi mlio majumbani, akiuliza, msimfiche mtoto chumbani. Mtajeni.